Sura ya Sita: Gome Lenye Mayai

"Nakuuliza mara ya nne," Inspekta alisema, "na ya tano sitakuuliza. Nitaandika tu kwamba umekataa kujibu. Asubuhi ile ulimpigia nani simu?"

Mlinzi wa msitu alikuwa anaangalia mikono yake juu ya meza. Siku nne mahabusu, na bado alikuwa na sare ile ile aliyokamatwa nayo, imekauka utomvu kuanzia kifuani mpaka magotini. Ukimgusa unasikia kama unagusa turubai.

"Sikumpigia mtu, afande."

"Simu yenyewe hukukutwa nayo. Hiyo ni ajabu ya kwanza. Ya pili, watu wa kampuni ya simu wanasema ulipiga saa kumi na mbili na dakika hamsini, mkaongea dakika tatu. Leo wananipa na namba uliyopiga. Kwa nini usiniambie wewe, nikakushukuru?"

Mlinzi alianza kubandua utomvu uliokauka kwenye kidole gumba.

"Saa nane mchana unapelekwa mahakamani. Kukata mti ndani ya hifadhi, kukamata wanyama wanaolindwa. Hakuna dhamana. Unaijua adhabu yake?"

"Naijua. Tangazo la getini nilibandika mimi."

Koplo, aliyekuwa kona anaandika, alikohoa ili asicheke. Inspekta hakucheka. Alifungua faili akaangalia tena picha: mti mkubwa umelala, shina lake unene wa meza ya watu sita, na mlinzi amekaa juu yake kama mtu anayesubiri kinyozi. Polisi walimkuta hivyo hivyo saa moja na nusu asubuhi. Msimamizi wa msitu, bosi wake, ndiye aliyekuwa amewapigia simu kwamba anasikia msumeno unalia ndani ya hifadhi. Walimpekua, wakakuta kopo la chakula, na ndani ya kopo mijusi wawili hai. Basi, kesi ikaisha hapo. Mkuu wa kituo alisema hajawahi kuona kesi nyepesi namna hii, na Inspekta, kila akisikia neno "nyepesi", alikuwa analifungua faili upya.

"Msumeno uko wapi?"

"Sina msumeno. Nina filimbi."

"Na mijusi kwenye kopo?"

Hapo mtu akafufuka. Alinyanyua uso. "Nilikuwa nawahamisha. Nilikuta mti umeshalala, nikapanda juu ya shina kutafuta kama kuna waliobaki. Nikapata hao wawili tu. Afande, yule si kama mjusi kafiri wa kwenye kuta zetu, anayekaa popote penye taa. Huyu bila mti ule haishi. Mti ukilala jua linampiga, siku mbili ameshakufa. Nilitaka kuwapeleka kwenye mti mwingine uliosimama, sasa nikaambiwa nisub..."



"Ukaambiwa usubiri," Inspekta alimalizia. "Na nani?"

Mlinzi akarudi kuangalia mikono yake.

Inspekta alitoka akabamiza mlango. Hasira iliyokuwa imempanda ilikuwa ya kipekee: mtu anaweza kukusimulia mijusi mpaka jioni, lakini jina moja la kumtoa ndani hataki kulitamka!

"Anamficha mtu," Koplo alisema nyuma yake.

"Anamficha, na sisi tunamsaidia. Siku nne tumemuuliza yeye peke yake." Alisimama. Kwenye benchi la mapokezi alikaa mama mmoja wa makamo, amevaa buti za mvua, begi limejaa mapajani. "Yule nani?"

"Ah, mama wa mijusi. Mtafiti. Anakuja kila siku kuhusu huu mti. Kaunta walimwambia kituo hiki kinashughulika na watu."

"Kila siku tangu lini?"

Koplo aliona swali limekaa vibaya. "Tangu juzi, afande. Juzi, jana na leo."

"Shahidi wa kesi yangu amekaa siku tatu hatua kumi kutoka mlango wangu." Alisema polepole, na askari wawili wa kaunta wakagundua ghafla kwamba wana karatasi nyingi za kupanga. "Mama, karibu ndani. Na wewe Koplo, mwambie aliyetoa ule mzaha aje kuomba radhi kabla sijamtafutia wanyama wa kushughulika nao."

Mtafiti hakuwa na muda wa kuombwa radhi. Alikaa, akavuta picha ya mti, akaigeuza juu chini kama daktari anayetazama mfupa.

"Nimeuangalia mti huu miaka kumi na moja," alisema. "Mlikuta mijusi wangapi?"

"Wawili."

"Walikuwa thelathini na wanne. Niliwahesabu mwezi uliopita, mmoja mmoja. Hao thelathini na wawili wako wapi? Au mnafikiri mlinzi amewameza?"

Inspekta alimpenda papo hapo. "Nieleze huyu mjusi kama unamweleza mtu mjinga."

"Mjinga hapana, mtu aliyechoka." Mtafiti alinyoosha kidole cha shahada. "Urefu wake huu. Mchana anageuka rangi ya gome, kijivu na ukijani. Ubavuni ana ngozi nyembamba kama pindo la gauni, anailaza kwenye shina ili asiwe na kivuli. Unaweza kuweka kiganja juu yake usijue. Hana kope, anajisafisha macho kwa ulimi. Usiku anatoka kula nondo na siafu. Sasa kilichomponza ni kutaga. Jike anataga mayai mawili kwa mpigo, hapunguzi, haongezi. Yanatoka laini, yananata, anayabandika chini ya gome lililoachia kidogo. Saa moja tu yamekuwa magumu kama kauri. Huwezi kuyabandua tena. Ukijaribu yanapasuka mkononi."

"Kwa hiyo anayetaka mayai..."

"Anachukua na ukuta. Analikata gome lote. Na mijusi wenyewe wanakaa juu, mita kumi na tano huko. Kuwapandia mmoja mmoja ni kazi ya mwaka kama yangu. Kulaza mti ni kazi ya dakika ishirini. Mti wenye gome la namna ile una umri wa bibi yako, afande. Wamelaza bibi ili wachukue hereni."

Koplo aliacha kuandika.

"Nani ananunua?"

"Watu wa mbali wanaopenda kuwaweka kwenye vioo. Hapa mjini mwenye kibali cha kufuga ni mmoja tu. Miezi saba iliyopita ofisi ya msitu ilimpa mijusi wanne, majike watatu na dume mmoja, awazalishe. Jana amechukua cheti cha afya cha kusafirisha mijusi thelathini. Nilikiona kwa macho yangu ofisi ya mifugo. Ndiyo sababu leo nimekuja na buti, nilikuwa nimeamua msiponisikiliza nakwenda kwake mwenyewe."

Saa nne na robo walikuwa mlangoni kwa Mfugaji, na hati ya upekuzi ambayo wino wake haujakauka. Njiani Inspekta alimpa mtafiti sharti moja: asifungue mdomo mpaka aambiwe.

Mfugaji alikuwa mtu msafi, wa kunukia sabuni. "Karibu dada yangu, karibuni wote, viatu tu naomba mvue," alisema, na kibali kikawa mkononi kabla hakijaombwa. Aliwapitisha kwenye chumba cheupe cha nyuma ya nyumba, feni inazunguka, rafu zimepangwa masanduku ya plastiki, kila sanduku lina kibandiko chenye namba na kijiti kimoja ndani. Koplo aliinama mbele ya sanduku la kwanza.

"Hili tupu."

"Angalia kijiti."

Koplo aliangalia kijiti. Kijiti kililamba jicho lake chenyewe. Koplo akaruka nyuma, akajifanya anafunga kamba za viatu ambavyo hakuwa amevaa.

"Wote hawa ni watoto wa wale wanne?" Inspekta aliuliza.

"Wote. Nimewazalisha mwenyewe, dada yangu. Watu wanadhani ni kazi rahisi. Njoo, nikuonyeshe kitu."

Kwenye ukuta wa mwisho palikuwa na kabati la kioo, na ndani yake gome refu kama mkono wa mtu mzima, limesimamishwa kwa waya, upande wa ndani umetazama nje. Lilikuwa limejaa. Mabaki ya maganda, viduara vyeupe, vingine vimepandana juu ya vingine, kama vikombe vidogo vilivyovunjika. Katikati palikuwa na mayai matano mazima. Mtafiti alishika mkono wake mmoja kwa mkono mwingine.

"Haya hapa," Mfugaji alisema. "Mtu akiniambia sizalishi namleta hapa. Hesabu mwenyewe, yanapita themanini. Unataka ushahidi gani zaidi?"

"Hakuna zaidi ya huu," Inspekta alikubali. "Yote yametagwa humu ndani?"

"Yote."

"Kwenye kabati hili?"

"Hili hili, mbele ya macho yangu."

"Koplo, andika. Amesema 'yote', andika 'yote'. Halafu ndugu yetu aweke sahihi, tusije tukamnukuu vibaya."

Mfugaji alisoma, akaweka sahihi yenye mikia miwili. Alikuwa anafurahi, maskini. Inspekta alipokea karatasi, akaikunja, akaitia mfukoni.

"Mama, sasa sema."

Mtafiti alisema kwa sauti ya chini sana, na ilikuwa mbaya kuliko kama angepiga kelele. "Majike watatu. Mayai mawili kila mmoja, na akishiba sana anarudia baada ya wiki tano. Miezi saba, tuseme kila mmoja ametaga mara sita. Jumla thelathini na sita. Wewe una themanini. Majike wako wanatagia na majirani?"

"Mimi nawalisha vizuri..."

"Na yanakaa zaidi ya miezi mitatu kabla hayajaanguliwa. Kwa hiyo hata hayo thelathini na sita, nusu yake leo yangekuwa bado mazima. Hapa mazima ni matano. Sasa tazama chini. Maganda haya ya chini yamefunikwa na nini?"

Juu ya viduara vya chini palikuwa na ukoko wa kijivu, ule unaoota kwenye magome na kwenye mawe ya zamani.

"Uchafu," Mfugaji alisema.

"Huo unaota. Unataka mvua, ukungu na miaka. Unene huu ni miaka kumi na zaidi. Majike wengi wanatagia mahali pamoja, mama, binti, mjukuu, mwaka baada ya mwaka, ganda juu ya ganda. Hili gome ni wodi ya wazazi ya mti mzima. Humu chumbani mvua inanyesha siku gani?"

Mfugaji alihama mguu mmoja kwenda mwingine. "Basi niseme vizuri. Gome nililetewa likiwa hivyo. Pamoja na wale wazazi wanne. Miezi saba iliyopita."

"Koplo," Inspekta aliita.

"'Yote', afande. Na sahihi yenye mikia miwili."

Inspekta alifungua kabati. Alipitisha kidole pembeni ya gome, pale lilipokatwa, akakinyanyua. Utomvu ulivutika kama asali. Alimwonyesha Mfugaji kidole chake kwa karibu sana, karibu kuliko adabu inavyoruhusu.

"Miezi saba na bado linatoka utomvu. Gome lina subira, hili! Kuna mtu amelala sakafuni siku nne na utomvu huu huu kwenye nguo, anangoja kufungwa kwa ajili yako. Nani amekuletea?"

"Nataka wakili."

"Utampata. Funga milango, Koplo. Kila sanduku ni kidhibiti, na mama huyu ndiye atasema yanabebwaje. Mjusi mmoja akifa nitakushitaki wewe Koplo, siyo huyu bwana."

Saa sita kasoro walikuwa msituni na lile gome limelazwa juu ya blanketi. Mti ulikuwa pale pale, majani yake yameanza kugeuka kahawia. Upande wa juu wa shina, mita chache kutoka kwenye matawi, palikuwa na shimo lililokatwa kwa msumeno, refu kama mkono wa mtu mzima. Polisi wa siku ile walikuwa wamelipiga picha kwa mbali, wakaliandika "jeraha la kuanguka".

"Jeraha la kuanguka," Inspekta alisoma kwa sauti. "Lina kona nne, hili jeraha. Mtu ametumia rula."

Walilinyanyua gome watu wawili. Liliingia kama droo kwenye meza yake. Fundo la gome lilikutana na fundo, ufa na ufa. Lakini Inspekta aliendelea kupapasa ukingo mpaka akapata alichokitaka: kiduara cheupe cha ganda la zamani, msumeno umepita katikati yake. Nusu ilikuwa kwenye gome la Mfugaji na nusu ilikuwa imebaki kwenye mti. Zilikaa pamoja, mduara kamili.

"Piga picha," alisema. "Na rula, safari hii. Ya karibu."

"Afande!" Sauti ilitoka njiani, changamfu. Msimamizi wa msitu alikuwa anakuja, sare imenyooshwa, funguo zinacheza kiunoni. "Mnafika kwangu bila hata kunijulisha? Ningewapokea!"

"Tulitaka tusikusumbue. Hebu nikumbushe maelezo yako. Ulisikia msumeno saa ngapi?"

"Saa moja na dakika tano. Nikawapigia hapo hapo."

"Msumeno wa ofisi huwa unakaa wapi?"

"Stoo."

"Ufunguo?"

Alishika kiuno chake kabla hajafikiri. "Ninao mimi."

"Koplo, chukua ufunguo, nenda na mtu, mkaulete. Mnyororo msiushike kwa mkono." Simu yake ikaita. Alisikiliza, akasema "rudia tarakimu mbili za mwisho", akaandika kwenye kiganja. Watu wa kampuni ya simu, kwa mara ya kwanza katika historia, walikuwa wametimiza ahadi siku ile ile. Alifungua maelezo ya Msimamizi kwenye faili, akalinganisha namba iliyo chini ya sahihi na kiganja chake.

Aliegemea shina kwa mkono mmoja. Mtafiti baadaye alisema alifikiri Inspekta amepatwa na kizunguzungu. Ilikuwa hasira, inatafuta pa kutokea.

"Mlinzi wako alikupigia wewe," alisema. "Saa kumi na mbili na dakika hamsini. Mliongea dakika tatu, halafu ukasahau kabisa kuiandika kwenye maelezo. Alikuambia nini?"

"Aa, ile! Mambo ya kifamilia tu. Yule ni shemeji yangu. Amemuoa dada yangu."

Hilo halikuwa kwenye faili. Siku nne, na hakuna askari hata mmoja aliyeuliza huyu ni nani kwa yule.

"Alikuambia mti umelazwa," Inspekta alisema. "Amekuambia kwa sababu wewe ni bosi wake na ni kaka wa mkewe, na alitaka ujue kabla hajaliandika kwenye kitabu cha doria. Ukamwambia akae pale pale, asubiri. Halafu robo saa baadaye ukasikia msumeno. Mti ulikuwa umeshalala, bwana. Saa moja na dakika tano msumeno ulikuwa unakata nini? Hewa?"

"Labda alikuwa anakata matawi..."

"Matawi haya hapa. Yote yako kwenye mti."

Koplo alirudi mbio, ameshika msumeno kwa gunia. Mnyororo ulikuwa umeganda utomvu, na kwenye meno yake palinasa nyuzi za gome la kijivu.

"Na hii ilikuwa nyuma ya madumu ya mafuta," alisema, akinyanyua mfuko mdogo wa plastiki. Ndani yake kulikuwa na simu, kioo kimepasuka.

Msimamizi aliangalia simu, akaangalia njia. Njia ilikuwa na askari wawili.

"Mikono," Inspekta alisema.

Walifika kituoni saa saba na nusu. Gari la mahakama lilikuwa limeshawashwa. Inspekta aliingia ofisini kwa mkuu wa kituo bila kubisha, akaweka mezani picha ya mduara, karatasi yenye sahihi ya mikia miwili na namba ya simu, akasema ataendelea kusimama pale mpaka mwendesha mashitaka apigiwe. Mkuu wa kituo alianza kusema kesi ilikuwa nyepesi. Akamtazama usoni, akachukua simu.

Dakika ishirini baadaye mlinzi alitolewa, anatembea kama mtu aliyesahau magoti yanapokunjwa. Mkewe alikuwa kaunta na mfuko wenye shati jeupe la kuvaa mahakamani. Hakuwa ameambiwa lolote. Alimwona mumewe upande huu hana pingu, akaanza kutabasamu, halafu akamwona kaka yake upande ule anazo.

"Kwa nini hukuniambia?" Inspekta alimuuliza mlinzi. "Neno moja tu. Ungekuwa nyumbani tangu siku ya kwanza."

"Nyumbani ningemwambia nini mke wangu?" mlinzi alisema. "Alikuja pale mtini kabla yenu, akachukua simu yangu, akasema nisubiri; nilifikiri atakuja mwenyewe kunitoa. Ni shemeji. Kila siku nilikuwa nasema, leo atakuja."

Mkewe alisikia. Alisimama katikati yao, mfuko mkononi, anaangalia huku na huku, na kila alipogeuka uso ulikuwa unabadilika.

"Kila jioni nimekuja kwako," alimwambia kaka yake. "Nalia sebuleni kwako. Unanipa pole. Unaniambia mume wangu tamaa imemharibu, nivumilie, utanitunzia watoto!"

"Mdogo wangu, nisikilize. Sikutaka afungwe, nilitaka tu wakati wa..."

"Wakati wa nini?"

Msimamizi aliangalia pingu zake. Mapokezi yote yalikuwa yanatazama, hata yule askari wa mzaha wa mijusi. Koplo alimshika Msimamizi mkono ili ampeleke ndani, na Inspekta akasogea, kwa sababu alishaona wanawake wengi wakirusha kofi mahali pale na hakutaka kuandika ripoti nyingine.

Lakini mke wa mlinzi alitoa shati kwenye mfuko, akampa mumewe. Kisha akaufungua mfuko mtupu mbele ya kaka yake, akaushika kwa mikono miwili.

"Vua mkanda, kaka," alisema. "Na kamba za viatu. Humu ndani hawaruhusu, najua. Tia hapa. Nitampelekea wifi, na nitamweleza mwenyewe."

Msimamizi alimtazama Koplo, kisha Inspekta. Akainama, na pingu zake, akaanza kufungua kiatu cha kushoto.